Msiba wa Redio Mseko

Hapo zamani, wala si zile zamani za sungura kumshitaki fisi, bali zamani hizi za jirani ambazo wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa na mnabishana, palikuwa na chuo juu ya kilima cha Mseko. Sogeeni karibu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana huko mbele sitaki kukatizwa.

Chuo hicho kilikuwa na idara nyingi, na ndogo kuliko zote ilikuwa Idara ya Mawasiliano. Wanafunzi kumi na tisa. Walimu watatu, na mmoja wao alikuwa likizo ya uzazi. Mkuu wa idara aliitwa Mwalimu Yuditha Ntandu, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kuacha karatasi bila kuisoma, hata ile ya kufungia vitumbua.

Idara hiyo ilikuwa na redio. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani, na mtambo ulikaa kwenye kibanda cha bati nyuma ya bweni la wavulana. Muziki wa Redio Mseko ulikuwa wa kawaida, na habari zake za michezo zilichelewa siku mbili. Lakini kila siku saa saba mchana ilisoma matangazo ya vifo, na hapo ndipo ilipokuwa redio kweli. Saa saba ikifika, mchi husimama kinuni. Saa saba ikifika, fundi cherehani huondoa mguu kwenye pedeli. Saa saba ikifika, hata walevi huambiana kimya. Nani amefariki, wa kijiji gani, anazikwa lini, saa ngapi. Simu zipo, najua, msinifundishe; huko mabondeni mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, na jiwe lenyewe lina foleni.

Na tangazo la kifo lina sehemu yake ya mwisho mnayoijua: "Habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani wa mahali fulani." Mtu aliyetajwa hapo hana hiari. Akiwa shambani ataacha jembe. Akiwa na ugomvi na marehemu ataumeza, aende.

Kwa hiyo mlangoni mwa studio palibandikwa sheria moja: kifo hakisomwi bila barua ya mtendaji wa kijiji na saini ya Mwalimu, na atakayevunja sheria hii anaondoka chuoni. Waliibandika baada ya mtu mmoja mwenye chuki kumtangaza shemeji yake kuwa amekufa. Watu wakajaa kwa shemeji, wakamkuta mzima, wakamlia mbuzi wawili naye akiwapakulia. Tangu siku hiyo Mwalimu Yuditha alikuwa akisoma kila barua na kuuliza, "Hii imetoka kijiji gani? Nani kaileta?" Kila siku maswali yale yale, wanafunzi wakamwigiza hadi wakachoka.

Basi, Jumatatu moja Mkuu wa Chuo, Dakta Kitundu, akamwita ofisini.

"Mwalimu Ntandu, keti. Alhamisi saa nne asubuhi Baraza la Chuo linakaa. Ajenda ni moja. Idara yako inafungwa, na studio itakuwa jiko la wanafunzi wa hoteli."

Mwalimu hakuketi. "Na wanafunzi wangu, Mkuu?"

"Watapewa barua waende nazo chuo kingine."

"Chuo gani kinapokea mtu aliyebakiza miezi minne? Watarudi kwao mikono mitupu."

Dakta Kitundu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na aliyechoka akipewa amri huipitisha ilivyo. Akavua miwani, akasema, "Baraza waliniuliza swali dogo tu: nani anaisikiliza hiyo redio? Nikakosa jibu. Niletee msikilizaji mmoja Alhamisi, asimame mbele yao aseme. Mmoja tu, Mwalimu."

Mwalimu Yuditha akatoka, akawaambia wanafunzi wake kama alivyoambiwa, bila kupunguza. Wengine walilia. Yeye hakulia mbele yao, ila alipofika msalani alijishika ukutani muda mrefu. Idara ile alikuwa ameianzisha yeye, kwa kalamu yake na kwa miguu yake, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda hivyo.

Sasa shikeni watu watatu. Watatu tu, sitawachosha.

Wa kwanza ni Salehe Mughwai, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, fundi wa mtambo. Kijana wa maneno machache, mikono yake ndiyo iliyokuwa ikisema.

Wa pili ni Elipendo Msengi, mwenzake wa darasa moja, msomaji wa matangazo ya vifo. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, hata wafiwa walikuwa wakiomba kwa jina: "Atusomee yule binti."

Wa tatu ni Mama Nkungu, mhudumu. Yeye alifagia studio, akachemsha chai, na kwa miaka kumi na mmoja alikaa kwenye dirisha dogo akipokea barua za vifo. Aliyeleta barua alipewa maji kwanza, akaulizwa baadaye. Vijiji vyote vilimjua uso.

Jumanne feni ya mtambo ikaungua. Mtambo ule bila feni ulikuwa ukichemka na kujizima ndani ya robo saa. Dakta Kitundu alipopelekewa habari akasema, "Acheni ipumzike, mnatengeneza ya nini?" Salehe aliingia ofisi ya Mkuu wakati wa chakula, akang'oa feni ya mezani, akaenda kuifunga kwenye mtambo kwa waya. Mkuu aliporudi alijipepea kwa faili siku nzima bila kujua feni yake ilikuwa wapi. Redio ikaendelea kusema.

Jumatano asubuhi Elipendo alimpelekea Mwalimu daftari la matangazo. Hapa nisikilizeni vizuri. Daftari lilikuwa na matangazo matatu, kila moja mstari wake. La kwanza, bibi mmoja wa Mwasuti. La pili, Mzee Nathanaeli Hango wa Kisisi, anazikwa Alhamisi saa sita mchana. La tatu lilikuwa na namba tu, mbele yake hakuna jina. Na barua zilikuwa mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tangazo la tatu, barua yake iko wapi?"

"Inakuja, Mwalimu."

Wakatazamana. Mwalimu Yuditha alijua hakuna barua iliyokuwa ikija. Hakujua ni tangazo gani, lakini alijua halikuwa na kijiji wala mtendaji. Hakuuliza imetoka kijiji gani. Hakuuliza nani kaileta. Akatia saini, akarudisha daftari, akajifanya ana kazi ya kusahihisha.

Saa saba ikafika. Mchi ukasimama kinuni. Elipendo akasoma la bibi wa Mwasuti. Akasoma la Mzee Hango wa Kisisi. Kisha akaendelea kwa sauti ile ile:

"Idara ya Mawasiliano ya Chuo cha Mseko inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Redio Mseko, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alizaliwa miaka kumi na minne iliyopita. Ameacha walimu watatu, wanafunzi kumi na tisa, pamoja na nyinyi. Mazishi ni kesho Alhamisi saa nne asubuhi, viwanja vya chuo. Habari ziwafikie Mzee Jingu wa Ntumbi. Bi Tatu wa Mwasuti. Mwalimu Yona wa Kisisi. Familia ya marehemu Mkoma, popote walipo..."

Akataja watu arobaini. Wote walikuwa watu waliowahi kuleta barua dirishani. "Popote walipo, wapate habari hizi, wafike bila kukosa," akamalizia.

Mwalimu Yuditha alikuwa chumba cha walimu. Kijiko cha wali kilimshinda kufika mdomoni. Mwenzake wa hesabu akamgeukia, "Ntandu, hawa watoto wako wana wazimu? Wewe ulijua?" Akasema hakujua. Neno likatoka jepesi kuliko alivyotarajia.

Dakta Kitundu alifika studio amevaa kiatu kimoja vizuri na kingine amekikanyaga kisigino. "Mmelitangaza Baraza kuwa mchawi aliyeua!" akafoka. Akamfukuza Elipendo studio papo hapo. Akaamuru mtambo uzimwe kabla ya saa moja jioni, maana saa moja ndipo matangazo ya mchana hurudiwa kwa ajili ya walio mashambani, na ule ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, nusu ya watu walikuwa mashambani.

Salehe akajifungia ndani ya kibanda. Feni ya mezani ilikuwa imelegea, haikukaa tena, ikabidi aishike kwa mkono ndani ya mtambo uliokuwa umeshachemka mchana kutwa. Alijua ana dakika nne, tano zikizidi, kabla ya mtambo kujizima au askari wa chuo kuvunja mlango. Rekodi ya mchana ilikuwa na matangazo matatu, na yote hayaingii ndani ya dakika nne. La redio peke yake, na yale majina arobaini, lilijaza zote.

Aliruka mawili ya kwanza. Akaweka la tatu.

Likasomwa lote hadi jina la arobaini, ndipo mtambo ukajizima na Salehe akatoka na kiganja cha kulia kimevimba malengelenge. Vijijini, walioingia kutoka shambani saa moja ile, walisikia msiba mmoja tu.

Alhamisi, jua halijawa kali, barabara ya kilimani ikajaa watu. Si arobaini. Mtu haendi msibani peke yake. Walikuja na unga, na kuni vichwani, na kuku wamefungwa miguu, na wanawake wamejifunga khanga viunoni kwa kazi. Askari wa getini alikuwa na amri ya kutofungua. Lakini askari gani, mzaliwa wa huku, atamfungia geti mwombolezaji? Akafungua, akavua na kofia.

Wengine walikuwa wameelewa tangazo. Wengine walisikia majina yao tu, na mtu akisikia jina lake kwenye kifo hangoji kusikia jingine. Hao walipouliza maiti iko wapi wakaonyeshwa studio, hasira zikawapanda. Mzee Jingu wa Ntumbi, aliyetembea tangu alfajiri na kuku kwapani, akapiga fimbo chini.

"Mmenitoa Ntumbi kwa miguu hii nije kuzika waya? Mimi ni mtoto mwenzenu?"

Watu wakaanza kuokota kuni zao. Mwalimu Yuditha akaona mambo yameharibika, na saa nne ilikuwa imebakiza nusu saa.

Ndipo Mama Nkungu akatoka na mikeka. Akaitandika yeye mwenyewe mbele ya studio, akawasha moto, akainjika maji. Kisha akasimama mbele ya mzee.

"Pole na safari, Mzee Jingu. Mkeo alipofariki barua ulinipa mimi, hukuweza kushika kalamu hata nikakuandikia mimi majina. Wanao wawili walikuwa machimboni. Walijuaje?"

Mzee akamtua kuku chini.

"Walijuaje, mzee wangu?"

"Walisikia," akasema.

"Sasa aliyewaambia anafungwa mdomo leo saa nne. Kama huyo si marehemu wako, chukua kuku wako uende."

Mzee Jingu akaketi. Walioketi wakawavuta waliosimama. Mama Nkungu alipita mkeka kwa mkeka, kila mtu akamkumbusha kifo chake. Wapo watu kama thelathini, vijana wenye majembe, walioinuka kwenye saa tatu na kitu wakasema wao jana mchana walisikia kwamba na Kisisi kuna mazishi, wangependa wawahi. Mama Nkungu akawashika mikono. "Kaeni kwanza. Baraza likiwaona ndiyo mwende. Kisisi mtafika." Wakakaa.

Saa nne wajumbe wakafika na gari. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mghenyi, hakimu mstaafu, mtu mkubwa wa umbo. Akashuka, akaona matanga. Na huku kwetu mtu hapiti matanga akaenda zake kikaoni. Atakaa kwanza, hata kama ana haraka ya namna gani. Mzee Mghenyi akavua viatu, akaketi mkekani. Wajumbe wote wakaketi, na Dakta Kitundu akakosa pa kujificha, akaketi naye. Kisha watu wakasimama mmoja mmoja wakasema. "Mama yangu nilimsikia hapa." "Kaka yangu nilimsikia hapa, nikawahi kumwona uso." Hakuna aliyeyapanga. Ikafika saa tano, ikapita saa sita, bado wanasimama.

Mzee Mghenyi akainuka. "Tuliuliza nani anasikiliza," akasema. "Tumejibiwa. Redio haifungwi. Idara haifungwi. Nimemaliza."

Wanawake wakapiga vigelegele, vigelegele msibani, hebu fikirieni. Elipendo akamkumbatia Salehe, mkono wa kijana ukauma akapiga kelele na kucheka. Mwalimu Yuditha aliketi chini palepale akalia machozi ya furaha mbele ya kila mtu.

Vigelegele havijakatika, akaingia mwanamke getini, amevaa khanga moja, miguu ina vumbi hadi magotini. Alikuwa Penina Hango, binti wa Mzee Nathanaeli wa Kisisi. Alitazama mikeka, akatazama moto na vyungu. Watu wakanyamaza kuanzia nyuma kuja mbele.

"Baba yangu alikuwa azikwe saa sita," akasema. "Kaburi limefika magotini. Ardhi ya kwetu ni mwamba, mnaijua. Wanaochimba ni wazee wawili na mimi. Nikasema watu wako wapi? Nikaambiwa wako Mseko, wanazika redio." Akageuka, akamwona Elipendo. "Barua nilileta mwenyewe. Mchana mlimsoma. Jioni mkamruka. Amewakosea nini baba yangu?"

Mnataka wajibu nini?

Wakainuka wote. Wale vijana thelathini walitangulia wakikimbia. Mzee Mghenyi alikwenda Kisisi kwa miguu na suti yake, na alipofika akaomba jembe. Salehe alichimba kwa kiganja kilichofungwa kitambaa, kitambaa kikaloa damu, watu wakamwambia aache, hakuacha. Elipendo na Mama Nkungu walibeba maji. Mzee Hango alizikwa saa kumi, mchana wote maiti ikisubiri ndani kwenye joto, na Penina hakumtazama yeyote kati ya watu wa redio.

Kaburi lilipofunikwa, Mzee Mghenyi akamwita Mwalimu Yuditha pembeni, Penina akiwa anasikia.

"Neno langu silirudishi, redio imebaki. Lakini leo nyumba hii imedhalilishwa, na sheria yenu ninaijua, imebandikwa mlangoni. Aliyesoma bila barua, aliyeruka jina la marehemu, aliyewakalisha watu waliotaka kuja kuzika. Wote watatu wanastahili kuondoka. Nikiwasamehe wote, kesho kila mtu atamzika amtakaye. Nikiwafukuza wote, redio mtaiendesha na nani? Ninatoa msamaha mmoja. Mmoja. Huyo atabaki na atakuwa msimamizi wa kituo. Wawili watakwenda. Kesho saa mbili asubuhi utaniandikia jina. Wewe ndiye uchague, kwa sababu binti yule msomaji wenu ameniapia kwamba hukujua lolote. Kama ungekuwa unajua, nisingeiacha hii redio hata saa moja."

"Nimesikia, Mzee," Mwalimu Yuditha akasema.

Waliporudi chuoni jua lilikuwa bado halijazama. Wote watatu wakaingia darasani kwake, wakakaa kwenye madawati ya mbele kama siku ya mtihani.

Salehe akaanza, jambo lisilo la kawaida yake. "Mwalimu, bila mimi hiyo sauti ingetoka wapi? Jumanne redio ilishakufa kweli. Mchana waliosikia ni wachache, wengi walisikia jioni, na jioni ni mkono huu." Akauinua. "Nilimruka Mzee Hango, ndiyo. Nilikuwa na dakika nne na watu kumi na tisa. Nisamehewe au nisisamehewe, mkono wenyewe sijui kama utashika tena bisibisi. Nikiondoka na mkono huu bila cheti, ninakwenda kufanya nini?"

"Mkono umeuumiza mwenyewe," Mama Nkungu akasema.

"Na watu uliwakalisha mwenyewe, Mama."

"Niliwakalisha. Nikanushe?" Mama Nkungu hakupandisha sauti. "Salehe, baba, wewe uliwaleta, binti huyu aliwaita, na walipofika walikuwa wanaondoka. Mlimwona Mzee Jingu. Nani aliwaketisha? Tangazo halikuokoa redio, mwanangu. Walioketi ndio waliookoa. Nyinyi mna umri, mtapata pengine. Mimi nina miaka hamsini na nane, nikitoka dirishani pale ninakwenda kukaa wapi? Na tena yule Hango nilimjua. Nimempa maji mara ngapi pale. Mnadhani nitalala?"

Mwalimu akamtazama Elipendo.

"Na wewe?"

"Mimi niliijua sheria, Mwalimu. Hawa wenzangu walijikuta ndani, mimi niliingia kwa miguu yangu. Nilijua nikisoma nimeondoka, nikasoma. Wazo lilikuwa langu, majina arobaini nilikaa siku mbili nikiyatafuta kwenye barua za zamani. Bila wazo, mtambo ungepiga muziki tu, na mikeka ingebaki stoo. Basi kama ni kustahili, nastahili mimi. Kama ni kosa, nalo ni langu la kwanza. Na mengine niliyomwapia Mzee Mghenyi, Mwalimu, hayo niliapa kwa ajili ya redio. Sikudai malipo."

Salehe na Mama Nkungu hawakuelewa. Mwalimu Yuditha alielewa, uso ukamchoma kwa aibu. Akawaomba watoke.

Daftari la matangazo lilikuwa mezani. Saini yake ilikuwa pale, kando ya mstari usio na jina, wino mweusi, imenyooka. Angeuliza swali moja tu asubuhi ile, lile aliloliuliza kila siku, Mzee Hango angezikwa saa sita na watu wake wote. Na angeliuliza, wanafunzi kumi na tisa sasa hivi wangekuwa wanafunga mabegi. Akisema ukweli, mwenyekiti ameshatamka, redio inafungwa, na hao watatu wameungua bure. Akinyamaza, anawafukuza wawili kwa kosa alilolitilia saini yeye, na wa tatu anabaki naye studio kila siku, na kama huyo ni Elipendo, kila siku atakuwa anajua.

Ijumaa saa mbili asubuhi Mzee Mghenyi akafika. Hakuja peke yake. Alikuja na Penina Hango, asikie mwenyewe jina likisomwa. Watatu walisimama ukutani. Mzee akasukuma karatasi nyeupe mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Haya, Mwalimu. Jina moja."

Mwalimu Yuditha akaishika kalamu. Penina alikuwa akimtazama mkono.

Mimi nimefika hapo, siendi mbele. Aliyeita watu, na akajitoa mwenyewe kabla ya wote? Aliyeifikisha sauti, na akamruka maiti wa watu? Aliyewaketisha, na akawachelewesha wenye majembe? Au aandike la kwake, ambalo hakuulizwa, na redio ife safari hii kweli? Msijibu haraka, na msimjibu mwenzenu, nijibuni mimi: kalamu ingekuwa mkononi mwako, na Penina anakutazama, je, ungeandika jina la nani?